Pumzi ya Mtoto Alalaye

Katika nyumba zetu nyingi mtoto akoromaye huchekwa kidogo, kisha huachwa. Bibi husema, "Mwacheni, amechoka, baba yake naye alikuwa hivyo hivyo." Mgeni aliyelala chumba cha pili huuliza asubuhi ni mzee gani aliyekuwa akikata mbao usiku kucha, na nyumba nzima hucheka. Kukoroma kumekuwa kwetu alama ya usingizi mnono, tena ya shibe. Twataka leo kuliangalia jambo hilo upya, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo si la madaktari peke yao: mtu ana wajibu gani juu ya taabu ya mwenziwe, ikiwa mwenye taabu mwenyewe hajui kwamba anataabika?

Si kila akoromaye ni mgonjwa. Watoto wengi hukoroma wakiwa na mafua, na mafua yakiisha hunyamaza. Lakini wako wanaokoroma karibu kila usiku, na miongoni mwao wamo ambao njia yao ya hewa huziba wakiwa usingizini. Madaktari huuita ugonjwa huo apnia ya usingizi. Sisi twaweza kusema kukatika pumzi usingizini. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto mia, kati ya mmoja na watano wanao. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni mafindofindo makubwa ya pande mbili za koo, pamoja na zile nyama za puani zilizo juu, nyuma ya pua. Vyote viwili ni viungo ambavyo kila mtoto huzaliwa navyo, ila kati ya umri wa miaka miwili na minane huwa vikubwa mno vikilinganishwa na koo dogo linalovibeba. Mchana misuli ya koo huishikilia njia ikawa wazi. Usiku misuli hulegea, njia hubanwa, na mara nyingine hufungika kabisa. Kifua chavuta, tumbo lavuta, hewa haipiti. Hapo sauti ya kukoroma hukatika ghafula, na mzazi asiyejua hushukuru kwamba sasa mtoto ametulia. Kumbe ndiyo saa mbaya. Sekunde kadhaa zapita, oksijeni yapungua katika damu, ubongo washtuka, mtoto ajitupa upande wa pili, avuta hewa kwa kishindo, kisha arudi kulala bila kuamka barabara. Mambo hayo huweza kurudi makumi ya mara katika usiku mmoja. Kwa mtu mzima madaktari huanza kuhesabu ugonjwa pumzi inapokatika au kufifia mara tano kwa saa. Kwa mtoto, hata kupita mara moja kwa saa si hali ya kawaida.

Asubuhi mtoto hakumbuki kitu. Mwenye jino bovu hulia. Mwenye mguu uliovunjika huonyesha mahali panapomuuma. Huyu hana la kushtaki. Tena hajapata kulala kwa namna nyingine, hata aweze kusema kwamba usiku wa jana ulikuwa mbaya kuliko usiku wa watu wengine; kwake huo ndio usingizi. Basi ushahidi wote uko kwa wale waliolala karibu naye nao wakiwa macho. Wao peke yao wameyasikia. Na mtu aliyepewa kuwa shahidi wa pekee hawezi kusema kwamba shauri halimhusu. Akinyamaza yeye, hakuna mwingine wa kusema.

Jambo hili ni zito zaidi tukitazama yanayompata mtoto huyo kukikucha. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu husinzia mchana, na watu humhurumia. Mtoto aghalabu hasinzii. Huwa na utundu usiotulia, hukasirika upesi, huanza kazi akaiacha, huambiwa jambo likapotea. Wengine huumwa kichwa asubuhi. Wengine hawanenepi wala hawarefuki kama wenzao. Na wengi wao, hata wale waliokwisha kuacha zamani, hulowesha kitanda. Twajua vizuri namna watoto hao wanavyotendewa. Kikojozi hutolewa uani na godoro lake mbele ya ndugu zake, huimbiwa, na huku akitishwa kwamba atatangazwa kwa wenzake. Yule asiyeshika masomo huitwa mvivu, na fimbo huletwa pamoja na methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Lakini haikusemwa juu ya jambo lisilo na hiari ndani yake. Kosa lahitaji mtu aliyetaka. Na mtoto aliyekuwa akipigania hewa saa nane za usiku hakutaka kulowesha kitanda, wala hakuchagua kusahau hesabu saa nne asubuhi. Kumpiga kwa ajili hiyo ni kumwadhibu kwa sababu ni mgonjwa. Wala hatusemi kwamba kila kikojozi na kila mtundu ana ugonjwa huu, wengi hawanao. Twasema tu kwamba asiyeuliza namna mtoto alivyolala hawezi kujua ni nani kati yao anayestahili karipio.

Wala hatuwezi kusema kwamba ni elimu ya jana tu. Mwaka 1889 daktari William Hill wa London aliandika katika jarida la British Medical Journal juu ya watoto waonekanao wazito wa akili, akaonyesha kwamba baadhi yao uzito huo watokana na njia ya pua iliyoziba. Maneno yake yalisahauliwa. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za watoto wanane waliopimwa usingizini wakaonekana pumzi zao zikikatika, na tangu hapo ndipo ugonjwa huu ulipoanza kutafutwa kwa bidii kwa watoto. Kati ya maandishi hayo mawili imepita miaka 87. Ni watoto wangapi waliosimamishwa pembeni mwa darasa katika miaka hiyo yote, hapana awezaye kuhesabu.

Kwetu sisi kuna vizuizi vingine viwili. Cha kwanza ni ile desturi ya kumpeleka mtoto mwenye shida ya koo kwa fundi wa kukata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati, mwisho wa kaakaa. Mtoto akikohoa muda mrefu, kimeo, akitapika, kimeo, akikoroma na kukabwa usiku, kimeo. Yafaa kusema wazi kwamba kinachoziba koo la mtoto kwa kawaida si kimeo hicho, bali mafindofindo yaliyo ubavuni mwake na nyama zilizo juu yake, zisizoonekana hata ukimfungua mtoto kinywa. Fundi hukata kisicho na hatia, akakiacha kilichoziba. Chombo chake hakikuchemshwa, damu haina wa kuizuia, na wako watoto waliopoteza maisha kwa kutokwa damu au kwa kidonda kuoza. Kizuizi cha pili ni maneno ya jinamizi na husuda. Mzazi amwonaye mwanawe akihangaika gizani kama aliyekabwa, macho yakimtoka, ni rahisi kwake kutafuta aliyemkaba. Na jirani mzee akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Hapo ugonjwa wa koo la mtoto mmoja umekwisha kuwa ugomvi wa kijiji.

Je, basi mzazi afanye nini? La kwanza halina gharama: akae macho usiku mmoja au miwili, asikilize na kutazama. Je, sauti hukatika kisha ikarudi kwa kishindo? Kifua hubonyea ndani kila mtoto avutapo? Hulala ameketi, au ameirudisha shingo nyuma, kinywa wazi, jasho likimtoka ingawa kuna baridi? Siku hizi simu iko karibu katika kila nyumba. Dakika chache za picha na sauti zilizochukuliwa usiku humsaidia daktari kuliko maneno mengi, kwa maana mchana mtoto hupumua vizuri na daktari aweza kumwona mzima. Kipimo kilicho kamili ni kumlaza mtoto hospitalini usiku mzima, akiwa amefungwa nyaya za kupima pumzi, moyo na ubongo. Kipimo hicho ni adimu katika nchi zetu. Palipo adimu, hutumika kile kibano cha kidoleni kipimacho oksijeni ya damu wakati mtoto amelala. Kikionyesha oksijeni yashuka tena na tena, kimesema kweli. Kisipoonyesha, bado hakijamwondolea mtoto shaka yote.

Sasa twafika mahali pagumu. Tiba iliyo ya kwanza kwa wengi wa watoto hawa ni upasuaji wa kuondoa mafindofindo na nyama za puani. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi. Hufanywa kila siku duniani na kwa kawaida humalizika salama. Lakini hakuna upasuaji usio na hatari. Wachache katika kila mia hutokwa damu baadaye, ama siku ile ile, ama baada ya wiki moja hivi, maganda ya kidonda yanapobanduka. Mzazi huambiwa atie sahihi. Atakayelala juu ya meza si yeye. Mtu aweza kuuhatarisha mwili wake mwenyewe kwa ujasiri, na tukamsifu. Lakini kuuhatarisha mwili wa mwingine, asiyeweza kukubali wala kukataa, ni ujasiri wa namna gani? Tumewaona wazazi wema walioishika kalamu wakaitua, wakasema, "Tungoje kidogo."

Hatuwalaumu. Lakini mara nyingi hofu hiyo hudhani kwamba kungoja hakuna hatari, kana kwamba asiyetenda hawajibiki. Mtoto ambaye pumzi humkatika vibaya kila usiku yumo hatarini tayari, usiku huu na usiku wa kesho. Ugonjwa ukiwa mkali na ukiachwa muda mrefu, hata moyo huumia, hasa upande wake wa kuume unaosukuma damu mapafuni. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Neno hilo limezoea kutumiwa kutetea fimbo. Sisi twaona lafaa zaidi mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Hata hivyo tusije tukakimbilia kisu. Kulikuwa na wakati, nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, ambapo katika Uingereza na Marekani watoto walikatwa mafindofindo makundi kwa makundi, karibu kama watoto wanavyochanjwa. Mwaka 1934 ilitolewa habari ya uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule za New York wenye umri wa miaka 11. Katika hao, 611 walikuwa wamekwisha kukatwa. Waliobaki, 389, walipelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 wakatwe. Wale 215 walioambiwa ni wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, wasioambiwa habari. Hao wakachagua 99. Wakabaki 116, wakapelekwa mara ya tatu, na karibu nusu yao wakaambiwa nao wakatwe! Jicho la mtaalamu nalo huweza kuona lilichozoea kutafuta. Kwa hiyo mzazi aulizaye, "Daktari, kwa nini huyu, na kwa nini sasa?" si mkaidi, afanya kazi yake.

Jibu zuri zaidi tulilo nalo lilitolewa mwaka 2013, huko huko Marekani. Watoto 464 wenye miaka kati ya mitano na tisa, wote wakiwa na ugonjwa huu ila si ule mkali kupita kiasi, waligawanywa kwa kura: nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakangojewa huku wakiangaliwa. Baada ya miezi saba, kati ya waliopasuliwa 79 katika mia walikuwa na usingizi wa kawaida kwa kipimo. Kati ya waliongojewa walikuwa 46 katika mia. Msomaji azitazame hesabu hizo polepole. Upasuaji ulisaidia kuliko kungoja, tena kwa mbali. Lakini karibu nusu ya waliongojewa walipona bila kisu, na mmoja katika kila watano waliopasuliwa hakupona kabisa. Basi si kweli kwamba kungoja daima ni uzembe, wala si kweli kwamba kisu ndicho mwisho wa habari. Kungoja kunakoruhusiwa ni kule kwa daktari aliyepima na kuweka tarehe ya kupima tena. Ugonjwa mwepesi huweza kujaribiwa kwanza dawa ya kupuliza puani. Mtoto mnene husaidiwa kupunguza uzito. Na yule ambaye upasuaji haukumtosha huweza kulala na kinyago kinachosukuma hewa, chombo alichokivumbua Colin Sullivan wa Sydney, akakitangaza mwaka 1981.

Kuna jambo jingine katika uchunguzi huo wa 2013 ambalo twaona limegusa kiini cha swali letu. Zamani kidogo, mwaka 1998, David Gozal alikuwa ametangaza habari za watoto 297 wa darasa la kwanza waliokuwa mkiani katika masomo. Kati yao 54 walionekana na matatizo ya pumzi usingizini. Wazazi wa 24 walikubali upasuaji, wa 30 hawakutaka. Mwaka uliofuata alama za wale 24 zilipanda. Za wale wengine hazikupanda. Habari hizo zilipendwa sana, nasi twaelewa sababu: ni mzazi gani asiyetaka mwanawe apande darasani? Lakini pale kundi hawakuligawanya kwa kura, kila mzazi alijichagulia. Walipokuja kupiga kura mwaka 2013, walipopima usikivu wa watoto kwa mitihani rasmi, waliopasuliwa hawakuwazidi wenzao kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichotengenea zaidi ni usingizi wao, mwenendo wao kama wazazi walivyouona, na raha ya maisha yao.

Sasa tujiulize. Ikiwa daktari atatuambia, "Mtoto wako atapumua vizuri, atalala, atapungukiwa na hasira, ila siahidi kwamba atakuwa wa kwanza darasani," je, tutaona tumepata hasara? Wako watakaouliza kama gharama hiyo, pamoja na safari ya kwenda mji mkubwa aliko daktari wa masikio, pua na koo, yafaa kutolewa kwa ajili ya usingizi tu. Hapo ndipo twaona kosa la namna yetu ya kufikiri. Tumezoea kumhesabu mtoto kama shamba: twatia mbolea tukitazamia mavuno. Lakini pumzi haidaiwi faida. Mtoto anastahili kupumua usiku kwa sababu ni mtu, na angestahili vile vile hata kama atashika mkia maisha yake yote.

Tazameni watoto wenye ulemavu wa Down. Hao ndio wanaopatwa na ugonjwa huu kuliko karibu wote, kwa kuwa uso wao ni mdogo katikati, na misuli yao hulegea. Madaktari wa watoto wa Marekani wameshauri wapimwe usingizi kabla ya kutimiza miaka minne, hata kama mzazi hasikii neno. Kwetu wangapi wanapimwa? Akikoroma, husemwa ndivyo walivyo. Akiwa mzito, husemwa ndivyo walivyo. Hata mtu mwema huuliza kwa sauti ya chini fedha za nini kwa mtoto kama huyo. Mtoto wa selimundu naye, ambaye mafindofindo yake mara nyingi huwa makubwa, na ambaye kupungukiwa na oksijeni kwaweza kumdhuru kuliko mtoto mwingine, hukoroma mwaka baada ya mwaka katika kliniki zinazomtazama damu bila mtu kumuuliza habari za usiku. Hatulii machozi ya bure juu ya hao. Twasema kwamba mzazi afikapo kliniki asingoje kuulizwa; aseme yeye.

Na kwa mzazi aliyekubali upasuaji, yako machache ya kuangalia, wala si ya kudharau. Kodeini, dawa ya maumivu, asipewe mtoto huyu: wako watu ambao miili yao huigeuza dawa hiyo upesi mno, na watoto kadhaa walikufa kwa kuzimika pumzi baada ya kukatwa mafindofindo, hata mwaka 2013 serikali ya Marekani ikatoa onyo kali. Ziko dawa nyingine, daktari aulizwe. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu, au ambaye ugonjwa wake ulikuwa mkali, haifai arudishwe nyumbani siku ile ile. Damu nyekundu mdomoni, hata kidogo, hata siku ya nane, ni safari ya hospitali. Na baada ya wiki kadhaa mzazi aketi tena usiku karibu na kitanda, asikilize.

Limebaki neno juu ya watoto walio mbali na kitanda cha nyumbani. Familia zetu nyingi huwapeleka watoto shule za bweni wakiwa bado wadogo, na siku mtoto aingiapo bweni, wale mashahidi wake wa usiku huwa ni watoto wenzake arobaini, ambao kukoroma kwake ni mzaha na kulowesha kwake ni sherehe. Mlezi wa bweni hulala chumba kingine. Kwa hiyo twawaomba wazazi, kabla ya sanduku kufungwa, waandike barua kwa mkuu wa shule: kwamba mtoto hukoroma na pumzi humkatika, kwamba daktari fulani anamtazama, kwamba alazwe karibu na mlango wa mlezi, na kwamba kitanda chake kikilowa, libadilishwe shuka wala asiitwe mbele ya wenzake. Nakala ya barua hiyo apewe mlezi mwenyewe mkononi, kwa maana barua za ofisini hukaa ofisini.